Kabla ya roboti, aulizwe anayeshika mpini

Habari za roboti za shambani haziishi siku hizi. Zipo zinazopalilia, zinazochuma matunda na zinazopulizia dawa, na wapo wanaoamini kuwa zikifika Sumbawanga, jembe la mkono litapumzika.

Kabla ya kuzishangilia, wakulima wa Ufipa na wafanyabiashara wa Majengo hawana budi kukumbuka somo la pawatila.

Ilipozinduliwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, halmashauri nyingi nchini zilinunua matrekta hayo madogo. Nia ilikuwa njema. Lakini pawatila ilikuzwa Asia, katika majaruba ya mpunga yenye udongo laini uliolowa. Kwenye ardhi ngumu nyingi zilielemewa, na baadhi zikaishia kuegeshwa.

Tatizo halikuwa nguvu ya injini peke yake. Mwendeshaji hutembea nyuma ya mashine kutwa nzima, mikono ikitetemeka. Kwenye tambarare, akibana klachi ya kushoto, pawatila hukata kushoto. Kwenye mteremko mkali, inaposukumwa na uzito wake yenyewe, klachi hiyo hiyo huweza kuipeleka kulia. Asiyeambiwa mapema ataumia, na mashamba mengi ya Ufipa yako kwenye miinuko.

Maksai hana kitendawili hicho. Akiambiwa simama, husimama. Akichoka, mwenyewe huona.

Ipo pia ntumba, matuta ya mviringo ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze ziwe mbolea ya msimu unaofuata. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya mistari iliyonyooka haiyajui matuta hayo, na aliyeibuni hakuwahi kumuuliza mwenye shamba.

Wabunifu wa roboti wenyewe wamelitambua jambo hili. Mwaka 1996, Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walibuni roboti za kufanya kazi bega kwa bega na binadamu, badala ya kutengwa naye kwa uzio. Nyingi za aina hiyo zinazotumika viwandani leo husimama zinapomgonga mtu, na mfanyakazi huzifundisha kazi kwa kuushika mkono wa roboti na kuuongoza. Msingi wake ni kwamba mashine ndiyo imzoee mtu.

Hapa nchini mfano upo. Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kutumia kamera. Picha za mwanzo za kuifundisha zilipigwa katika mashamba ya Tanzania. Inatumia Kiswahili, na hufanya kazi pasipo intaneti, kwa kuwa waliyoibuni walijua kuwa shambani mtandao haupatikani kila mara.

Kwa hiyo, halmashauri na vyama vya ushirika visiridhike na mashine kwa sababu tu imeng'ara siku moja kwenye maonyesho ya Nane Nane. Ijaribiwe msimu mzima kwenye udongo wa Ufipa, na watakaoitumia, wanawake wakiwamo, kwani ndio walio shambani muda mrefu.

Mfanyabiashara anayetaka kuileta Majengo naye ajiulize maswali machache. Kitabu chake kimeandikwa kwa lugha gani? Ikikwama katikati ya shamba, mtu mmoja ataweza kuizima bila kuumia? Kipuri kitapatikana mjini, au kitasubiriwa hadi mvua zikatike?

Majibu yakikosekana, fedha zibaki mfukoni. Mashine ikigoma, aliyeiuza ameshaondoka zake, ilhali mkopo humsubiri mkulima hadi mavuno, iwe imelima au imeegeshwa chini ya mwembe.