Mshirika anapofariki: namba ya siri si mamlaka ya kisheria

Uchimbaji mdogo wa dhahabu katika mikoa ya Geita na Shinyanga sasa unategemea simu karibu sawa na unavyotegemea sururu. Leseni huombwa kwa mtandao, kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali huja kwa ujumbe mfupi, jina la biashara husajiliwa BRELA kupitia mfumo ulioanza kutumika mwaka 2018, na sehemu ya fedha za mauzo huhifadhiwa katika akaunti ya simu. Aghalabu huduma zote hizo hufunguliwa kwa laini ya mtu mmoja, ingawa duara lina washirika wanne au watano. Mtu huyo akifariki, wenzake hubaki na mgodi, wafanyakazi na madeni, lakini hawana mlango wa kuingilia.

Jambo linalowajia wengi haraka ni kutumia namba ya siri ya marehemu, hasa pale alipowahi kuwatajia. Kwao si wizi, kwani fedha ni za wote na ada ya leseni haisubiri matanga yaishe. Sheria haitazami hivyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokuwa wa lazima mwaka 2020, laini inamtambulisha mtu mmoja tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo bila idhini na kujifanya mtu mwingine. Idhini aliyoitoa marehemu akiwa hai haimgeuzi mshirika kuwa mwenye akaunti baada ya kifo.

Hata mahakama isipohusika, hasara ni kubwa. Fedha iliyo katika akaunti ya marehemu huhesabiwa kwanza kuwa sehemu ya mirathi. Mshirika akiitoa usiku wa msiba, hata kwa ajili ya kulipa vibarua, mjane hana namna ya kujua kiasi kilichokuwapo, na mshirika naye hana namna ya kuthibitisha kwamba hakuchukua zaidi ya fungu lake. Wote wawili wanapoteza ushahidi uliokuwa unawalinda.

Njia halali huanza na cheti cha kifo kinachotolewa na RITA. Wapo wanaoona sharti hilo kuwa urasimu. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati ambapo wengi walikwisha kukata tamaa. Taasisi inayofunga akaunti kwa taarifa ya mdomo ingekuwa imewafuta watu walio hai.

Hatua inayofuata ni uteuzi wa msimamizi wa mirathi, ambao hufanyika Mahakama ya Mwanzo pale sheria ya mila au ya Kiislamu inapotumika. Msimamizi ndiye anayezungumza na benki, kampuni ya simu, TRA, BRELA na Tume ya Madini, na anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Mshirika anayedai fungu lake humpelekea yeye madai hayo, akiwa na daftari la mgawo na stakabadhi za soko la madini. Masoko hayo, ambayo la Geita lilifunguliwa Machi 2019, yameacha kumbukumbu za mauzo ambazo zamani hazikuwapo, nazo husaidia zaidi kuliko maneno ya mashahidi.

Wakati shauri likisubiriwa, simu na laini ya marehemu vihifadhiwe bila kutumiwa wala kutupwa, na familia iwe na taarifa. Hata hivyo laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, pamoja na ujumbe wa uthibitisho unaotumwa kwayo. Kwa hiyo kampuni ya simu ijulishwe mapema.

Ugumu ambao ungepaswa kupunguzwa ni wa taasisi zenyewe. Msimamizi kutoka Nyarugusu hubeba nyaraka zilezile kutoka dirisha moja hadi jingine, ilhali vifo husajiliwa na RITA na mifumo mingi hutambua watu kwa namba ya NIDA.

Kwa walio hai, kinga ni muundo wa biashara. Ubia usio na makubaliano mengine huvunjika kwa kifo cha mbia, lakini kampuni huendelea kuwapo, na mabadiliko ya wakurugenzi hupelekwa BRELA. Akaunti ya benki yenye watia saini wawili, laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni au kikundi, na ukurasa wa matangazo wenye wasimamizi zaidi ya mmoja ni mambo ya siku chache. Google tangu mwaka 2013 na Facebook tangu 2015 huruhusu mtu kuteua atakayeshughulikia akaunti yake akifariki. Wosia nao huweza kuhifadhiwa RITA, na ndani yake yakatajwa majina ya akaunti za biashara na washirika wenye haki, bila kuandikwa namba yoyote ya siri.