Kusaini Si Kusoma

Kila muhula barua inafika nyumbani na muhuri wa shule: mzazi, soma na mtoto wako dakika ishirini kila siku, kisha weka sahihi kwenye dayari. Mzazi anafika Githurai saa mbili usiku, amechoka, mtoto anasinzia. Jumapili jioni sahihi za wiki nzima zinawekwa kwa mpigo mmoja, tena kwa kalamu mbili tofauti ndio mwalimu asishtuke. Shule inafurahi. Hakuna aliyesoma.

Sasa nani anamdanganya nani hapo?

Nasema hivi: lawama si ya mzazi peke yake. Shule zetu nyingi za Kikatoliki zinahubiri kusoma huku zinaogopa vitabu. Angalia orodha ya Januari: Biblia, kamusi, kitabu cha hadithi. Kitabu cha hadithi kinanunuliwa, kinapelekwa, kinaandikwa nambari, kinafungiwa kabatini. Ufunguo uko na mwalimu mmoja, na leo hayuko. Mtoto akipatikana na riwaya yake mwenyewe wakati wa prepu, inanyang'anywa kana kwamba ni bangi. Halafu huyohuyo anaambiwa awe na utamaduni wa kusoma. Upi?

Na Biblia? Tumeigeuza fimbo. Umechelewa, nakili Zaburi. Umepiga kelele, andika Amri Kumi mara hamsini. Mtu aliyelishwa Neno la Mungu kama adhabu akimaliza kidato cha nne haligusi tena. Kisha tunaketi parokiani tukiulizana vijana wameenda wapi.

Ajabu ni kwamba imani hii ilitufikia ikiwa na kitabu mkononi. Kule Mkoa wa Kati, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Mwaka wa 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waamini wote, si mapadri tu, wasome Maandiko mara kwa mara. Mwaka uliofuata, ile orodha ya Roma ya vitabu vilivyopigwa marufuku, iliyodumu tangu karne ya 16, ikaacha kuwa sheria. Roma ilifungua kabati lake mwaka wa 1966. Shule yako bado inatafuta ufunguo.

Tena mahali pa kuanzia tunapo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamesisitiza kwamba Kanisa lijengwe kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila wiki majirani wanakutana sebuleni kwa mtu, wanasoma Injili, kila mmoja anataja neno lililomgusa. Wasee, hicho ni chama cha wasomaji, na ni cha zamani kuliko vyenu vyote vya WhatsApp. Lakini watoto wako wapi? Wametumwa nje wasisumbue. Wataitwa chai ikiwa tayari.

Najua jibu litakalokuja: riwaya zina mapenzi na matusi, zitawaharibu watoto. Hebu fungua hiyo Biblia. Daudi alilala na mke wa Uria, kisha akapanga mumewe afie vitani. Nathani alipotumwa kumkemea hakuanza na mahubiri. Alimsimulia habari za maskini na mwanakondoo wake mmoja. Mfalme akawaka, akatoa hukumu, kumbe anajihukumu mwenyewe. Na Yesu je? Hadithi ya mwana mpotevu inaisha kaka mkubwa bado yuko nje, na hatuambiwi kama aliingia. Mwalimu anayekimbilia kuuliza "tunapata funzo gani?" anafunga mlango ambao Yesu aliuacha wazi.

Kwa hivyo mzazi, wiki hii weka dayari kando. Soma na mtoto kitabu cha Tobiti, kimo kwenye Biblia yetu ya vitabu 73. Baba amepofushwa na mavi ya ndege, kijana yuko safarini, samaki anataka kummeza mguu, malaika anajifanya mtu wa kawaida, na hata mbwa yumo. Ni sura 14: mbili kila usiku, wiki imeisha. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu aliacha mtu mwema apofuke, usimwambie anyamaze. Kama huna jibu, mwambie huna. Imani inayovunjwa na swali la mtoto wa miaka tisa haitafika chuo kikuu. Wiki ya pili, mwache yeye achague kitabu.

Nanyi walimu, kila Ijumaa kila mtoto aende nyumbani na kitabu kimoja. Vingine vitapotea. Vingine vitarudi na mafuta ya chapati, na hivyo ndivyo vitakuwa vimesomwa.

Na wewe uliyelelewa na masista, ambaye leo una mtoto ama unamlipia mdogo wako karo, usingoje barua nyingine. Siku ya mkutano wa wazazi, baada ya sala na kabla ya habari za basi jipya, inua mkono uulize swali moja tu: ufunguo wa kabati uko na nani?