Matete ilipangwa vizuri, kwa nini maji yanaishinda?

Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Aprili 2025, mto N'djili ulifurika mjini Kinshasa. Watu wasiopungua 33 walikufa kwa hesabu ya serikali. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege ilikatika, na komini 16 kati ya 24 za mji zikakosa maji ya bomba kwa sababu mafuriko yaliingia kwenye mitambo ya Regideso. Kati ya sehemu zilizoumia sana ilikuwa kata ya Debonhomme, komini ya Matete, ambako watu walipanda juu ya mapaa wakingoja mitumbwi.

Ukiuliza Kinshasa kwa nini maji yanaingia nyumbani, utapewa majibu mawili: watu wamejenga ovyo, na watu wanatupa machupa ya plastiki mferejini. Yote mawili ni kweli, lakini Matete inaonyesha kwamba hayatoshi. Hapa si mahali palipoota penyewe kama uyoga. Ni moja ya komini chache za nchi hii zilizochorwa kwenye karatasi kabla ya watu kuingia.

Matete ni kazi ya Office des Cités Africaines, OCA, shirika ambalo Wabelgiji waliliunda mwaka 1952 ili kujenga nyumba za wafanyakazi Waafrika. Ndilo lililojenga pia Bandalungwa na, upande wa Mashariki, Bagira ya Bukavu. Ngagara ya Bujumbura ni ndugu yao. Nia yake haikuwa safi, maana mkoloni alitaka Mwafrika akae mbali na mji wa wazungu. Hata hivyo mafundi wake walijua kwamba maji yakikosa njia yatapita sebuleni. Walipima mteremko, wakachora avenii, wakaweka mifereji, ile ambayo wengi wanaiita kanivo, wakaielekeza kwenye vijito na mito.

Lakini mfereji hupimwa kwa maji ya wakati wake. Mwaka 1960 Kinshasa ilikuwa na watu karibu 400.000. Leo makadirio yanapita milioni 15. Juu ya Matete kuna vilima vya Kisenso, ambavyo OCA haikuvijenga. Vilikuwa mchanga na majani. Leo vimejaa nyumba hadi kileleni, karibu zote bila mfereji wala barabara ya kueleweka.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya parseli moja ya mita 300 za mraba, inaleta lita 15.000, yaani mapipa 75 ya lita 200. Zamani, kwenye mchanga wenye majani, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Siku hizi yanapiga bati, yanashuka kwenye uwanja wa simenti, yanatoka barabarani karibu yote. Parseli elfu moja zinatoa lita milioni 15 katika masaa machache, na zinabeba mchanga wa kilima. Mchanga huo unafika Matete, unatulia kwenye mfereji ambao mteremko wake ni mdogo, na mfereji unajaa hata kama hakuna mtu aliyetupa chupa. Mkaaji wa chini anaweza kuwa msafi kuliko wote mjini, na bado atachota maji kitandani.

Kuna jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Mfereji unahitaji mahali pa kumwagia. Mto N'djili ukipanda juu ya mdomo wa mfereji, maji ya mtaani hayana pa kwenda. Yanasimama, kisha yanarudi nyuma. Ndiyo maana kusafisha kanivo, kazi nzuri ya salongo, hakuwezi peke yake kuokoa kata zilizo karibu na mto. Bonde la N'djili lilikuwa na kazi yake: kupokea maji ya ziada kwa siku mbili tatu, kisha kuyaachilia taratibu. Akina mama walilima humo mchicha na matembele. Kila kipande cha bonde kinachojazwa udongo na kujengwa kinayasukuma maji hayo kwa jirani.

Baada ya mafuriko ya Aprili, wakubwa walizungumzia mvua isiyo ya kawaida na kubomoa nyumba zilizo kandokando ya mto. Neno la kwanza lilijibiwa haraka. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipima mvua ile wakakuta kwamba, kwa hali ya hewa ya leo, mvua kama hiyo inaweza kutokea takriban kila miaka miwili. Kwa hiyo si ajali ya karne. Desemba 2022 mji huohuo ulizika watu zaidi ya 120 baada ya usiku mmoja wa mvua. Anayejenga mfereji leo na kusema mvua ilimshtukiza, ajieleze vizuri zaidi.

Neno la pili, kubomoa, ni gumu. Ni kweli kwamba nyumba fulani hazipaswi kuwa pale zilipo. Lakini wengi wa wenye nyumba hizo wana karatasi zenye mihuri, na mihuri hiyo haikutoka mbinguni. Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Leta. Hakuna parseli inayogawiwa kihalali bila mkono wa Leta, na aliyetia sahihi kwenye kinamasi ni mtumishi wake. Katiba, kwenye kifungu cha 34, inadai fidia ya haki, tena inayolipwa kwanza, pale mtu anaponyang'anywa mali yake kwa faida ya umma. Kumfukuza mnunuzi na kumwacha muuzaji ofisini kwake ni kuandaa kata nyingine ya kuzama.

Basi mfereji wa Matete ni wa nani? Hapa ndipo jambo linapooza. Office des Voiries et Drainage, OVD, ni shirika la taifa lenye kazi ya barabara na mifereji ya miji. Serikali ya mji nayo ina idara zake. Na sheria ya Oktoba 2008 juu ya komini na sekta inaipa komini kazi ya kutunza barabara zake pamoja na mifereji mikubwa ya maji. Wenyewe watatu, na siku ya mafuriko kila mmoja anamtazama mwenzake.

Fedha zinafuata njia hiyohiyo. FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008, unakusanya pesa kwenye mafuta na vituo vya kulipia barabara. Lakini barabara mpya ndiyo inayokatiwa utepe, si mfereji uliozibuliwa. Katika mpango wa siku 100 wa mwaka 2019, Kinshasa ilijengewa madaraja ya juu, yale yanayoitwa saut-de-mouton. Vilima vya Kisenso viliendelea kushuka. Hata lami yenyewe inaumia: maji yakisimama kando yake yanapenya chini, yanalainisha udongo, magari yanapita, na baada ya misimu michache mashimo yanarudi. Kandarasi inayolipa lami kwanza na kuacha mfereji kwa awamu ya pili inalipia kazi itakayorudiwa.

Pesa ya nje ipo pia. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa Kin Elenda, dola milioni 500, ambao sehemu yake ni kupambana na mmomonyoko na mafuriko. Miaka minne baadaye N'djili ulifika mapaani. Mradi mkubwa hauwezi kumaliza kila kitu kwa muda huo, lakini wakaaji wana haki ya kuonyeshwa, komini kwa komini, ni mita ngapi za mfereji zimejengwa na zinamwaga wapi.

Jambo hili linagusa Mashariki moja kwa moja. Uvira iliona mto Mulongwe ukibeba nyumba Aprili 2020. Bukavu ina vilima vilivyojengwa juu ya kata zilizopangwa, kama Kisenso juu ya Matete, isipokuwa mahali pa mchanga kuna udongo mwekundu unaoteleza. Desemba 2023, Bukavu na Goma, sawa na Kinshasa, zilichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006. Vita vilivyofika katika miji hiyo miwili mwanzoni mwa 2025 vimesukuma hesabu hiyo pembeni, lakini mvua haisubiri.

Kinshasa haina udhuru huo. Washauri wa Matete na wa Kisenso wapo, na sheria inawapa mifereji. Wanachokosa ni fungu la fedha. Kwa sheria, mkoa unapaswa kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, na asilimia 40 ya sehemu hiyo iende kwa komini na sekta. Pesa hiyo haijawahi kufika chini kwa ukamilifu. Kati ya Juni na katikati ya Septemba Kinshasa haipati mvua ya maana. Ndiyo miezi ambayo mchanga unaweza kutolewa mferejini kwa majembe na mikokoteni, na Kisenso inaweza kuchimbiwa mashimo ya kunywa maji ya mapaa kabla hayajashuka. Kazi hiyo haihitaji dola milioni 500. Inahitaji komini mbili zinazogawana kilima kimoja kukaa meza moja mwezi wa Mei, zikiwa na bajeti mkononi.