Risasi ya Uluguru Iliyopungua Uzito



Mwanao wa sekondari anapoketi jioni akikariri Jedwali la Elementi, huenda wewe ukasikia majina matupu: hidrojeni, heliamu, lithiamu. Pengine umejiuliza ni nani aliyevipangia viti vitu hivi, na kwa kipimo gani. Jumapili hii nakuomba uitazame milima ya Uluguru, kwani sehemu ya jawabu ilichimbwa humo.

Tuanze na chumvi ya mezani. Kila atomi ina kiini, na kiini hicho kimezungukwa na elektroni zilizopangika matabaka kwa matabaka. Zile za tabaka la nje, ziitwazo elektroni za valensi, ndizo zinazoshughulika na majirani. Sodiamu inayo moja tu. Imo Kundi la Kwanza. Klorini inazo saba. Imo Kundi la Saba. Sodiamu huitoa ile moja, klorini huipokea, nasi tukapata chumvi. Kaboni, ambayo ndiyo mkaa wa jikoni, inazo nne. Kwa hiyo imo Kundi la Nne, pamoja na silikoni ya mchanga na ile metali laini na nzito iitwayo risasi. Vitabu vipya huhesabu makundi 18, hivyo la nne huandikwa 14 na la saba 17. Tarakimu ya mwisho ndiyo idadi ile ile ya elektroni za nje.

Lakini Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyelitangaza jedwali lake mwaka 1869, hakuzijua elektroni. Alipanga kwa uzito wa atomi, na uzito ulipomkanganya alifuata tabia. Likabaki swali: kiti cha elementi huamuliwa na uzito, au na kitu kingine?

Katika enzi ya ukoloni wa Wajerumani, miamba ya Uluguru yenye ulanga ilitoa mawe meusi mazito yenye urani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini ya manjano yaliyotokana na mawe hayo, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Mawe mengine yaliwafikia wakemia Otto Hönigschmid na Bibi Stefanie Horovitz. Mwaka 1915 walitangaza uzito wa risasi waliyoitenga humo: takribani 206.05. Risasi ya kawaida ni 207.2.

Risasi hiyo ilizaliwa na urani, ambayo hugeuka polepole kwa mamilioni ya miaka. Ilikuwa nyepesi, lakini katika dawa zote za maabara ilitenda sawasawa na risasi nyingine, na zikichanganywa hakuna mkemia aliyeweza kuzitenganisha. Sababu ni kwamba kila atomi ya risasi ina protoni 82, na kwa hiyo elektroni 82, nne zikiwa za nje. Kilichopungua ni nyutroni, ambazo huongeza uzito bila kubadili tabia. Basi kiti hakitolewi kwa mizani. Idadi ya protoni huleta idadi ya elektroni, na elektroni za nje huleta kundi.

Somo hili halikai darasani tu, ndugu msomaji. Risasi mara nyingi hutoa mbili kati ya elektroni zake nne, na hapo hufanana na kalsiamu, ambayo kwa desturi hutoa mbili. Mwili hauna mizani ya kuzipambanua. Huipokea risasi na kuiweka mifupani mahali pa kalsiamu, nayo huudhuru ubongo wa mtoto anayekua. Kwa hiyo betri chakavu ya gari isiyeyushwe uani, wala mtoto asiachwe kuchezea vipande vyake au kubandua rangi kuukuu ukutani.

Leo jioni mwanao akifungua daftari, usimwulize amekariri elementi ngapi. Mwulize ipi ina elektroni ngapi za nje, na kwa nini. Kisha mweleze kuwa jina la Morogoro limo katika historia ya jedwali hilo; ni haki yake kulijua.

Hadi Jumapili ijayo.