Rusizi ya Kwanza: Zima Mfululizo, Piga Picha Moja

Vijana wenzetu mlioshika kamera, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaokuja kutupiga picha: leo tuna neno juu ya kitufe kimoja tu.

Kamera nyingi za dijitali zina mahali pa kuchagua zitapiga vipi ukibonyeza. Alama ya mstatili mmoja ni picha moja: unabonyeza, inatoka moja, hata ukikandamiza kidole mpaka kesho. Mistatili iliyopandana ni mfululizo: ukishikilia inapiga tatatata, na kamera nyingi za siku hizi zinafikisha picha 10 kwa sekunde au zaidi. Alama ya saa inachelewesha: kamera inangoja sekunde 2 au 10 ndipo ipige.

Sisi tunasema hivi: pale Rusizi ya Kwanza, watu wanapovuka kwa miguu kati ya Bukavu na Cyangugu, mfululizo uzimwe.

Mtatujibu: "Watu wanatembea, tukipiga moja tutakosa tukio." Tukio gani, jamani? Goli ni tukio. Vijana wakicheza mpira pigeni mfululizo, hatuna shida, maana mpira haumngoji mtu. Lakini mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni si mpira. Anaweza kusalimiwa, akaulizwa. Kuuliza si ujinga.

Tena fanyeni hesabu. Mama amekubali "picha". Wewe umeshikilia kitufe sekunde 3, umeondoka na sura zake 30. Yeye hajaona hata moja. Atakayechagua ni mtu wa ofisini, mbali huko, na tunajua atachagua ipi: ile ambayo macho yamelegea, mdomo uko wazi, kitenge kimeteleza. Alikuwa anapepesa macho tu, basi, hiyo ndiyo inakuwa sura yake duniani. Ruhusa ya hiyo hakutoa.

Na msituambie picha moja haina nguvu. Baada ya 1994, watoto maelfu walipotezana na wazazi wao kwenye njia za ukimbizi, hata katika kambi za upande wa Goma na Bukavu. Msalaba Mwekundu na UNICEF walipigisha watoto picha, uso mmoja mmoja, zikabandikwa ili wazazi wazitazame. Kuna familia zilipatana hivyo. Mtoto mmoja, picha moja, uso umetulia, mzazi anautambua.

Basi fanyeni hivi. Kwanza ombeni ruhusa kwa maafisa wa mpaka. Daraja na askari si vya kupigwa ovyo. Halafu weka picha moja. Salimia. Uliza. Piga. Mwonyeshe. Akisema "hapana, futa", futa mbele yake. Akipenda, piga ya pili.

Alama ya saa nayo ina kazi yake. Sekunde 2 ni za kupiga nakala ya cheti cha shule au karatasi ya ukimbizi: kamera imekaa mahali imara, kidole hakiitikisi, maandishi yanasomeka. Sekunde 10 ni za mwenye kamera kukimbia aingie naye kwenye picha. Na hapo ndipo tunapotaka kuwaona, ndugu wa mashirika: ndani ya picha, mmesimama na sisi, mkiangaliwa kama sisi tunavyoangaliwa.