Tusihesabiane Miche

Nina ugomvi na neno moja: miche. Kila taarifa ya upandaji miti pwani yetu inalo. Miche elfu kadhaa imepandwa, mgeni rasmi kashika jembe, watoto wa skuli wamevaa fulana mpya, na eti makazi ya ndege wa asili yamerudi. Yamerudi lini? Jioni ile ile?

Nyinyi wapenzi wa fasihi mtanielewa, maana shida inaanzia kwenye lugha. Taarifa husema "mikoko", basi. Mtu wa Chwaka anasema mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana. Hizo si mbwembwe za msamiati. Mlilana unatazama bahari. Mkandaa unakaa nyuma, ambako maji hayafiki kila siku. Ukiyafuta majina umeufuta na mpangilio wenyewe. Unabaki na mkoko peke yake, kwa sababu tunda lake refu unalichomeka tu matopeni kama msumari, na mistari iliyonyooka inapendeza kwenye picha.

Lakini ndege hali picha. Yale matope matupu maji yakipwa, ambayo mgeni anayaona "eneo la wazi", ndiyo sinia la ndege wa pwani wanaotujia kila mwaka kutoka kaskazini ya mbali. Ukilijaza miche umewanyang'anya chakula kwa jina la kuwasaidia. Na kule msituni Jozani, shorobo, yule wa kijani mwenye mbawa nyekundu, anaishi kwa matunda. Mpandie mivinje mpaka uchoke, hatashiba. Mjini tuna mtaa unaitwa Mlandege, na timu ya mpira ya jina hilo. Wangapi wanaoishangilia wanajua kwamba mlandege ni mti?

Bado kuna kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, anayekula mayai na makinda ya wenzake. Mche haumfukuzi huyo.

Nitaambiwa: bora kitu kuliko si kitu. Nakubali, palipokatwa pakabaki jangwa, pandeni. Sina neno na bibi anayezama matopeni hadi magotini. Neno langu ni kwa anayehesabu. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya bayosfia. Heshima kubwa, lakini cheti hakiivishi wali. Mama wa kijijini anahitaji kuni leo usiku, na mjini tunataka mkaa. Mikoko ikiachwa, na maji yakipita vizuri, pahala pengi huota yenyewe kwa mbegu zinazoelea. Kwa hiyo fedha ya kumpatia mama huyo nishati nyengine ingeokoa miti mingi kuliko fulana zile, ila nishati haina sherehe ya uzinduzi.

Basi tusihesabiane miche. Wafadhili na wakubwa, nijibuni haya: baada ya miaka mitano ni mingapi iliyo hai? Ni ya jina gani? Nani anailinda, na analipwa nini? Na je, wenyeji waliulizwa pa kupanda, au waliitwa tu siku ya kupigwa picha?

Asiye na majibu aweke jembe chini kwanza, akawasikilize watu wa Chwaka wakitaja miti yao.