Picha za zamani za Nyasa: nyumba ina jina, bibi hana

Mzazi mwenzangu, kama una ndugu Kyela basi ukoo wenu una kundi la WhatsApp, na kama kuna kundi basi kuna picha ya zamani inayozunguka humo. Imegeuka rangi ya kahawia, pembeni imeliwa, na chini yake mtu ameandika: "Enzi hizo, nani anakumbuka?" Wanajibu ishirini kwa vicheko na alama za vidole. Jina la mtu aliye kwenye picha halitajwi hata na mmoja. Watoto wetu wanaitazama sekunde mbili, kisha wanarudi kwenye video za mpira.

Wiki hii naacha kidogo habari za chanjo na lishe. Lakini siendi mbali na afya, kwa sababu mmoja wa watu walioacha picha nyingi za mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa alikuwa daktari.

Aliitwa Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani. Alikuwa huku miaka ya mwisho ya 1890, na mwaka 1906 kikachapwa Berlin kitabu chake kinene kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma, kikiambatana na juzuu la picha. Baadaye alijulikana kwa utafiti wa minyoo, akaongoza taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Hamburg kuanzia 1930 hadi alipofariki 1933. Hata samaki mmoja wa ziwa letu, katika wale mbuna wanaokwangua chakula kwenye mawe, kwa wanasayansi anaitwa Labeotropheus fuelleborni, kwa heshima yake.

Kwa hiyo samaki wa mawe ana jina la daktari. Watu waliosimama mbele ya kamera ya daktari hawana. Ukizifungua picha za aina hiyo utawakuta wamepigwa uso kwa mbele, kisha kwa ubavu, kama vielelezo vya maabara. Maelezo ya chini hutaja kabila: mwanamke wa kabila fulani, kijana wa kabila fulani. Basi. Huyo mwanamke alikuwa mama wa mtu, na yawezekana sana kwamba kitukuu chake yuko Ipinda au Ngonga hivi sasa, anasoma ukurasa huu kwa simu.

Mimi leo nikitaka kumpiga picha mgonjwa wodini, naomba ridhaa yake. Akiwa mtoto, namwomba mzazi, na akikataa naondoka na kamera yangu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Naomba niseme hili kwa upole: yupo mzazi anayemweka mwanawe mwenye dripu kwenye "status" ili watu wamwombee. Maombi ni mema. Ila hiyo picha ina uso wa mtoto na ugonjwa wake pamoja, na hujui miaka kumi ijayo itakuwa mikononi mwa nani.

Turudi kwenye majumba, maana ndiyo yanayojaza picha za zamani. Wakubwa walipenda kupigwa picha mbele ya majengo.

Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alianzisha boma la Wajerumani pale ambapo leo ni Lumbila, upande wa Ludewa, ng'ambo ya Matema ukifuata ufuko. Liliitwa Langenburg. Jina hilo halikutoka kwetu. Langenburg ni kasri la ukoo wa kifalme huko kusini mwa Ujerumani, juu ya bonde la mto Jagst, na mkuu wa ukoo huo alikuwa rais wa chama cha makoloni cha Wajerumani. Ufukweni homa iliwaandama Wazungu, na baadaye makao yakapandishwa juu kwenye baridi, yakaitwa Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu ya leo. Kasri lenyewe bado lipo. Sehemu yake iliungua mwaka 1963, na Malkia Elizabeth wa Uingereza alifika pale mwaka 1965, kwa kuwa dada wa mumewe aliolewa katika ukoo huo. Mwambie hayo mwanao aliye sekondari, uone kama hatainua macho kwenye simu.

Sasa linganisha na nyumba zetu. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za Wanyakyusa: mianzi iliyopangwa kwa ustadi, udongo uliopambwa, migomba kila upande, uwanja umefagiwa. Katika vitabu vya wakati ule picha nyingi zilikuwa za kuchongwa. Msafiri alichora kwa penseli, mchongaji akazihamishia kwenye ubao huko Ulaya kabla ya kuchapwa. Mchongaji hakuwahi kuiona Nyasa, kwa hiyo usishangae ukiona milima iliyochongoka kama mikuki na watu wenye sura zinazofanana. Hata hivyo michoro hiyo na picha za baadaye zina thamani kubwa, kwa sababu mwanzi huoza. Kanisa la matofali linabaki, nyumba ya mianzi ya babu yako haibaki. Pengine picha ndiyo mahali pekee iliposimama bado.

Wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891 wakiwa wanne. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa kabla kituo cha Rungwe hakijaanza. Ipyana, hapa Kyela, kilifuata mwaka 1894, na jina lake kwa Kinyakyusa ni neema. Ng'ambo ya Songwe, huko Livingstonia upande wa Malawi, daktari Mskoti Robert Laws alijenga Nyumba ya Mawe mwaka 1903. Leo ni makumbusho, na ndani yake kuna picha za zamani ukutani. Mwaka huohuo wa 1903 katika kisiwa cha Likoma ulianza ujenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro la Waanglikana, lililowekwa wakfu 1911. Urefu wake ni kama mita 100, karibu na uwanja wa mpira! Ukitazama picha zake utajua askofu alikuwa nani. Nani alibeba mawe, nani aliwapikia waliobeba mawe? Picha haisemi.

Huyo Wissmann wa Langenburg alijengewa sanamu Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ilipigwa picha na kuuzwa kama kadi za posta. Yeye yuko juu, amesimama. Chini yupo askari Mwafrika akimtazama. Wa juu ana jina, wa chini ni "askari" tu. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg mwaka 1922, na wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaiangusha kwa mara ya mwisho mwaka 1968. Pale katikati ya Dar es Salaam sasa kuna sanamu nyingine, ya mwaka 1927, ambayo sote tunaipita tukienda Posta. Hiyo nayo inaitwa Askari.

Lakini jina likitafutwa hupatikana. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa, na vitabu vya Monica vikafahamika duniani kote. Mkalimani na karani wao alikuwa Leonard Mwaisumo, kijana msomi wa huku, aliyefariki mwaka 1938 akiwa hajafika hata miaka thelathini. Kwa muda mrefu waliosoma vitabu hivyo walimjua Wilson tu. Mwaka 2013 kikatoka kitabu kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, chenye sura nzima juu ya Mwaisumo, na mmoja wa walioiandika ana jina la kwetu, Mwakasekele. Hivyo ndivyo mtu anavyorudishiwa jina lake.

Sasa kazi ya nyumbani. Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka mtandaoni picha za wamisionari, zikiwemo za kanisa la Moravian kutoka Herrnhut. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo imeweka picha za enzi ya Wajerumani. Kuzitazama ni bure, ni bando lako tu. Ukiandika "Kyela" hutapata kitu cha maana. Andika kama walivyoandika wao: Njassa kwa herufi j, au Nyassa yenye s mbili, Langenburg, Rungwe, Ipyana, Ikombe. Na andika Konde, maana ndivyo walivyowaita Wanyakyusa. Usichanganye na Wamakonde wa Mtwara, hao ni wengine kabisa.

Tazama kwanza wewe peke yako kabla ya kumpa mtoto simu. Zipo picha za watu wenye minyororo shingoni, zipo za watu waliopigwa bila nguo ili wapimwe. Hizo si za mtoto wa miaka sita, na si za kusambaza kwenye kundi kwa kicheko. Mtoto akikutana na picha ya bibi aliyeacha kifua wazi na pete za shaba kiunoni, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hayo ndiyo yalikuwa mavazi na mapambo ya kwao, na joto la Kyela analijua mwenyewe. Mtoto akiona mzazi anaona aibu, naye anajifunza kumwonea aibu bibi yake.

Kisha chukua picha zile za ukoo wenu zilizo kwenye fremu sebuleni na umpelekee bibi au babu. Nenda mapema, salimia ipasavyo, mugonile na yote yanayofuata, wala usiwahi kutoa simu. Elekeza kidole kwa mtu mmoja mmoja, anza na wale wa pembeni, si yule wa katikati aliyevaa koti. Huyu nani? Binti wa nani? Aliolewa wapi? Mtoto aliyebebwa mgongoni aliishi? Hili la mwisho uliza taratibu, maana wazee wetu wengi walizika watoto na hawakuwahi kuulizwa.

Hapo narudi kwenye kazi yangu. Ukifika kwenye "huyu alikufa", uliza pia alikufa kwa nini, akiwa na umri gani. Ukisikia baba mdogo, shangazi na babu wote walianguka ghafla wakiwa na miaka hamsini, nenda ukapime presha wiki hiyo. Ukisikia watoto wa nyumba moja walikuwa wakiumwa viungo na kuishiwa damu, kumbuka selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na anayebeba vinasaba vyake anaweza asiumwe kabisa. Kipimo kipo. Waulizeni wahudumu wa afya kabla kijana hajaoa.

Mwisho ni picha zenyewe. Kyela ni joto na mvua nyingi, na picha iliyobanwa kwenye kioo chini ya bati hushika ukungu. Ukungu huo unaharibu sura ya babu, na unamsumbua pia mtoto mwenye pumu. Itoe kwenye fremu polepole. Ikiwa imegandia kioo usiivute, ipige picha hivyohivyo. Isimamishe kivulini karibu na dirisha, zima taa ya kamera, piga mara tatu. Nyuma yake andika majina kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Mwenye jina unalolishuku, weka alama ya kuuliza, usibuni.

Wasomaji wa Ipyana, Matema, Ikombe na Itungi, kama nyumbani kwenu kuna picha ya kabla ya Uhuru na mmeshapata jina la hata mtu mmoja aliye pembeni, tumeni jina hilo kwa mhariri wa ukurasa huu, mkiwa mmekwisha kuwauliza wenye picha. Picha kaeni nayo. Majina nitayachapa hapa yatakapofika, pamoja na jina la kijiji.